Jiwe la Siku Mlima Ulipotoboka

Tumu binti Pandu alikuwa amerushiwa mawe mengi maishani. Alirushiwa Tanga, alipokuwa trafiki na kumkamata dereva mwenye ndugu wengi. Alirushiwa Johannesburg, katika zile siku ambazo mgeni akionekana mtaani anageuka shabaha. Yote yalimkosa isipokuwa moja, nalo lilimwachia alama juu ya nyusi ambayo watu wa mtaa wa Joubert Park waliidhania pambo. Kwa hiyo alijihesabu mjuzi wa mawe. Hata hivyo, lile lililowekwa mbele yake asubuhi hiyo, kati ya vitana na makopo ya mafuta ya nywele, lilimfanya avute kiti akae.

Lilikuwa dogo la kujaa kiganja, la kijani kilichofifia, lenye mistari myembamba inayong'aa ukiligeuza. Lilikuwa limezungushiwa uzi mwekundu na mweupe, na uzi ukafungwa fundo la kupendeza, fundo la mtu asiye na haraka.

"Siku zote hizi nakuchunguzia, na hili hukunionyesha," Tumu alisema.

"Hukuniuliza vitu vya mume wangu," alijibu Clémentine, mwenye saluni. "Uliniuliza sauti zake za simu."

Jibu lilikuwa la haki. Tumu alilimeza.

Clémentine alikaa upande wa pili wa meza, mkono mmoja juu ya mimba iliyokwisha kushuka. Alivaa nguo nyeusi za msiba. Mumewe, Évariste, fundi wa mashine za kutoboa miamba, mtoto wa Kolwezi, Kongo, alikuwa amepelekwa Japani na kampuni moja ya upande wa kusini wa jiji. Kulikuwa na kisiwa kule, Kazura, chenye milima iliyobanana kutoka pwani hadi pwani. Vijiji vya magharibi vilifika bandarini kwa barabara moja ya zamani iliyoning'inia kwenye jabali, na kila tufani ikija barabara hiyo ilikatika. Serikali ya kule ikaamua kuutoboa mlima kutoka pande mbili ili watu wapite ndani. Évariste alikwenda kuitunza mashine, pamoja na rafiki yake Hénock wa Lubumbashi. Alirudi mara moja kwa likizo, akaiacha mimba hii, akaenda tena.

Kisha Hénock akarudi peke yake.

Habari aliyoleta ilikuwa fupi: tufani ilipiga, maji yakaingia mlimani, dari ya handaki ikamwangukia Évariste kabla matundu mawili hayajakutana. Mwili haukutolewa. Jiwe hili aliliokota pale pale.

"Jumapili kanisa linafunga kilio," Clémentine alisema. "Nikishavua hizi nguo nyeusi, hakuna mutu atauliza tena. Na huyu akizaliwa, akiniuliza baba eko wapi, nitamwonyesha nini, Dada Tumu? Nitamwonyesha mlima kwa simu?"

Nyuma yake Orpha, msusi mwenzake, alikuwa akimsuka mteja aliyesinzia. "Mi nilisema tangu zamani," alisema bila kugeuka. "Ule papa Évariste eko na bibi wa Kijapani. Sasa hivi anakula samaki mbichi na miguu ndani ya maji moto."

"Dada Orpha, nywele za huyo mteja umeanza kuzisuka pamoja na sikio," Tumu alisema.

Uvumi wa bibi wa Kijapani Tumu aliwahi kuufuata, na ulimpotezea wiki. Uliishia kwenye simu ya kampuni, kwa mwanamke mwenye sauti ya upole aliyesema mambo mawili tu. Kwamba Évariste amefariki, hilo ni kweli, na pole sana. Na kwamba mengine yote angeambiwa ndugu aliyeandikishwa. Ndugu aliyeandikishwa alikuwa Hénock. Clémentine na Évariste walifunga ndoa kwa mahari na kwa kanisa. Karatasi ya serikali walisema wataitafuta baadaye.

Kwa hiyo kufa, alikufa. Tumu hakuwa na shaka tena juu ya hilo. Alichokuwa hajui ni namna alivyokufa na mahali alipolala.

"Nipe tena ile sauti ya mama mpishi," alisema.

Clémentine aliigusa simu. Sauti ya mwanamume ikajaa kwenye saluni, changamfu, na nyuma yake mashine ikikoroma.

"Chérie, huku wazee wa kazi banasema mlima ni mwanamke, tena wa wivu. Mwanamke hapana kukanyaga ndani mpaka siku matundu mawili yakutane, vinginevyo mlima utakasirika. Wadogo banacheka, lakini kapita wetu, msimamizi wa kazi, ni mzee wa zamani, hachezi. Kuna mama mpishi anatuletea chakula, anaishia pale mlangoni, anatuita kama anaita kuku. Hata ingelikuwa mvua, hata ingelikuwa nini, haingii. Na siku ile ya kukutana, jiwe la mwisho linaloanguka wanalivunja vipande, wanawapa wenye bibi wajawazito. Banasema mlima ukipata njia, mtoto naye atapata njia. Kapita ameshaniahidi kipande chako."

Sauti ikakatika. Orpha alikuwa ameacha kusuka.

"Baada ya hapo tufani ilivunja mnara wa simu," Clémentine alisema. "Kimya. Halafu Hénock. Hiyo ahadi ya jiwe ilikufa naye."

Tumu alilipima jiwe kiganjani. Aliutazama uzi mwekundu na mweupe, akalivuta fundo kidogo kwa ukucha. Halikulegea.

"Clémentine, siku Hénock alipokuja kutoa habari, alisimulia kwamba kuna mtu alilia."

"Mama mpishi. Alisema aliingia mpaka pale, akapiga magoti juu ya mawe, akalia. Watu wote wa kanisa walilia kwa hiyo."

"Aliingia mpaka wapi?"

"Mpaka ndani." Clémentine aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake ukatulia juu ya tumbo.

Tumu aliinuka akalitia jiwe mkobani. "Niazime hili mpaka mchana," alisema. "Na wewe Dada Orpha, usimwambie mtu. Najua nakuomba muujiza."

*

Hénock alipanga chumba cha uani Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye maghala. Tumu alimkuta nje ya spaza, duka dogo la pembeni, mkate kwapani, mrefu, mkimya, koti limemning'inia upande mmoja kana kwamba bega la kulia limechoka kulibeba.

"Mama Tumu," alisema, akiinamisha kichwa kwa heshima. "Nilisikia unauliza juu yangu."

"Nilikuwa nauliza kama una sukari. Naona una mkate, basi tumekamilika."

Alitabasamu kidogo, akamwonyesha njia. Walipofika ukingoni mwa barabara alitazama kushoto, akaona pako wazi, akateremsha mguu. Kutoka kulia gari likapiga honi ya hasira. Tumu alimvuta kwa mkoba.

"Eish, Papa Hénock! Miaka yote hii Jozi bado unavuka barabara ya Lubumbashi?"

"Kichwa kinajua," alisema Hénock. "Miguu ndiyo inasahau."

"Huku huendeshi gari?"

"Hapa? Sijawahi kushika gari hapa."

Tumu aliliweka neno hilo mahali pake, wakavuka.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda, jiko la umeme, viti viwili, Biblia ya Kifaransa, na rafu moja ukutani. Kwenye rafu kulikuwa na kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe, ncha zake zimekutana juu kwa fundo. Hénock alichemsha maji. Aliliinua birika kwa mkono wa kushoto, ingawa mpini wake ulielekea kulia, akajizungusha mwili mzima ili aufikie. Akamimina chai kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu.

"Unamngoja nani?" Tumu aliuliza.

Hénock alikitazama kikombe cha tatu kama mtu aliyekuta mkono wake mfukoni mwa mwenzake. "Mazoea," alisema. Akakiweka kwenye rafu, mbele ya kisanduku.

"Na hicho?"

"Vyombo vya kazi."

"Vyombo vinavyokunywa chai. Kampuni yenu inatunza kweli."

Hénock hakucheka. Alikaa kitandani, akamwachia mgeni kiti kizuri. Tumu alikunywa kidogo, akasifu, akamwomba asimulie tena tangu mwanzo, kwa kuwa yeye siku ya kilio hakuwepo. Hénock akasimulia. Maneno yalitoka yakiwa yamelainika kwa kurudiwa: tufani, maji, dari, vumbi. Yeye mwenyewe jiwe lilimgonga bega. Kapita aliwazuia kuchimba, kwa sababu juu bado palikuwa panadondoka. Kisha mama mpishi.

"Aliingia?"

"Aliingia. Alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka chini. Hakuna mtu aliyemzuia. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni, sijui machozi, sijui jasho." Hapa sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayekiona anachokisema. "Alikuwa amevaa viatu vya mvua vya manjano."

"Hicho ndicho pekee unachokisimulia kwa macho," Tumu alisema. "Mengine yote unayasimulia kwa mdomo."

"Sielewi, Mama."

Tumu alikiweka kikombe chini. "Évariste alimtumia mkewe sauti. Alisema mama yule haingii handakini mpaka siku matundu yakutane. Kapita hachezi na jambo hilo. Sasa wewe unaniambia dari imeanguka, mtu amekufa, mlima umekasirika tayari, na siku hiyo hiyo kapita anamruhusu mwanamke aingie?"

"Ilikuwa msiba. Wakati wa msiba watu wanasahau."

"Wazee wa namna hiyo? Wakati wa msiba ndipo wanapokumbuka."

Hénock alitazama chini. Nje, upande wa uwanjani, farasi alilia mara moja, akanyamaza.

Tumu alifungua mkoba akaliweka jiwe juu ya kitanda, kati yao. "Uliliokota ilipoanguka dari?"

"Ndiyo."

"Ukalifunga wewe?"

Hénock aliugusa uzi kwa kidole cha kushoto.

"Mimi nimezika watu, Papa Hénock. Jiwe la msiba halifungwi kama zawadi ya arusi. Hili limefungwa na mtu aliyekuwa na furaha, tena mwenye mikono mizima miwili. Wewe hata birika linakushinda." Aliinama mbele. "Mama mpishi aliingia siku mlima ulipotoboka. Jiwe hili lilitolewa siku mlima ulipotoboka. Na jiwe ni la Évariste, maana wewe huna mke mjamzito, labda kama umetuficha. Basi Évariste alikuwa hai siku hiyo, amesimama pale, anapokea jiwe. Dari haikumwangukia."

"Mama Tumu."

"Sijamaliza. Fungua vifungo vya juu vya shati."

Alimtazama kwa mshangao, naye Tumu akamtazama vile vile alivyokuwa akiwatazama madereva wa malori Tanga wakijidai breki ni nzima. Taratibu, kwa mkono wa kushoto, Hénock alifungua vifungo vitatu. Mtulinga wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, ukavimba kama fundo la mwanzi, na kutoka hapo alama ya weusi ilishuka mshazari kifuani, ikielekea ubavu wa kushoto.

"Jiwe linagonga mahali," Tumu alisema. "Halichori mstari. Huo ni mkanda wa gari. Nimeuona kwa watu wengi, wengine wakiwa wamelala hawaamki. Ukitoka bega la kulia, mtu alikaa kulia. Kwenu Kongo, anayekaa kulia ni abiria. Lakini kwetu Tanga, na hapa, na kule Japani, wanaendesha kushoto, na usukani uko kulia." Alishusha sauti ili asiseme kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

Hénock alifunga kifungo kimoja, akashindwa na cha pili, akaacha.

"Mimi ndiye niliyekuwa sijakunywa," alisema.

Habari ikatoka hivyo, polepole, bila kupangwa tena. Siku ile waliliona pengo likifunguka, kwanza dogo la kupitisha mkono, na upepo ukapita kutoka upande wa pili wa kisiwa, wenye harufu ya bahari nyingine. Wazee walilia. Mama mpishi aliingia na viatu vyake vya manjano, akapiga magoti kuushukuru mlima. Kapita alifungua pombe ya mchele, akamwaga ya kwanza chini, akagawa mawe. Évariste alilibusu la kwake. Simu zilikuwa bado zimekufa upande ule, lakini asubuhi hiyo ile barabara ya jabalini ilikuwa imefunguliwa tena, na bandarini kulikuwa na mtandao.

"Akasema, lazima Clémentine ajue leo. Si kesho. Handaki lilikuwa limetoboka, lakini gari haliwezi kupita, mawe bado yamejaa. Donc, basi, tukaenda kwa barabara ya zamani." Aliinua macho. "Ile ambayo tulikuwa tunachimba ili mutu asipite tena."

"Na kwenye kona?"

"Lori. Lilikuja upande wake, taratibu kabisa, dereva hakukosa kitu. Ningelibaki kushoto nilipokuwa, kwenye ukuta wa mlima, lingepita. Kichwa kilijua, Mama. Lakini nilishtuka, na mikono ikafanya ile ya nyumbani. Kwetu lori likikujia, unakwenda kulia." Aliinua mikono kidogo, kana kwamba bado usukani uko mbele yake, wa kulia ukaishia njiani. "Nikamkatia mbele. Likatupiga upande wa kushoto. Upande aliokaa Évariste."

Mambo ya kona Tumu aliyajua. Alikuwa ameyapima kwa utepe miaka mingi, na kila mara utepe ulionyesha umbali mdogo kuliko watu walivyodhani.

"Polisi wa kule?"

"Walinihoji. Mahakama ikanipa kifungo cha nje, nikarudishwa. Sikukimbia. Nilisema yote, kule." Alifuta uso. "Hapa ndipo niliposhindwa. Nilifika mlangoni kwake, nikamwona na tumbo, na mdomo ukasema mlima. Mlima hauchukiwi. Mlima haupandi gari na bwana wa mutu."

"Jiwe ungelitupa. Bila jiwe nisingekufikia."

"Ningelitupa vipi? Alikuwa amelishika. Wauguzi walimfungua vidole." Akalitazama jiwe. "Nilidanganya yote, Mama Tumu. Hilo moja sikuweza."

Chai kwenye rafu ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Tumu aliitazama, kisha akakitazama kisanduku na kitambaa chake cheupe. Alikwisha kujua tangu kikombe cha tatu, ila alikuwa na matumaini ya kukosea.

"Wanachoma maiti kule," alisema.

"Wanachoma wote. Mimi ndiye ndugu, nikasaini. Kisha wanawaita ndugu, mnasimama wawili wawili, mnaokota mifupa kwa vijiti, kuanzia miguu, ili asiwe kichwa chini. Mkono wangu ulikuwa umefungwa. Mama mpishi akanishikia, tukaokota pamoja. Akaniambia, asubuhi usimnyime chai." Alitikisa kichwa. "Mi ni mulokole. Mchungaji angeniona angenikemea. Lakini ningemwambiaje Clémentine? Nimekuletea bwana yako ndani ya chungu? Kwetu hatuchomi watu. Nilisema moyoni, afadhali amlilie mlimani, mzima."

"Yeye anataka kitu cha kumwonyesha mtoto," Tumu alisema. "Nawe unacho, kinakunywa chai Turffontein."

Hénock alifunika uso kwa kiganja cha kushoto. Tumu alimwacha alie. Alipomaliza, yeye mwenyewe alisimama akamfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kama anavyofungwa mtoto wa shule.

"Twende," alisema. "Mimi nitavusha barabara. Wewe umbebe yeye."

*

Mchana huo saluni ilikuwa na wateja wawili. Orpha alimwona Hénock mlangoni, akaona kitambaa cheupe kifuani pake. Aliwatoa wateja kwa ishara, mmoja akiwa na kichwa nusu kimesukwa, akafunga mlango, akageuza kibao cha dirishani.

Hénock alisema akiwa amesimama. Alisema lori, mikono, upande wa kushoto. Alisema moto. Hakujitetea kwa lolote, hata kwa pombe ambayo hakuinywa; hilo ilibidi Tumu aliongeze. Clémentine alisikiliza bila kumkatiza, macho yake yakiwa kwenye fundo la kitambaa.

Alipokwisha, mlio wa robot, taa ya kuvukia barabarani, ulisikika mpaka ndani.

"Miezi yote hii," Clémentine alisema. "Umekula kwangu, shemeji. Umenishika mkono kanisani."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa Turffontein."

"Ndiyo."

Clémentine alinyosha mikono. Hénock alimpa kisanduku, naye akakipokea, akashangaa kwa wepesi wake, kisha akakipakata pale palipobaki kwenye paja, kikaegemea tumbo. Mtoto alicheza, wote waliona kitambaa kikitikisika. Orpha alitoa sauti ndogo akageukia ukuta.

Tumu aliliweka jiwe mezani. Clémentine alilichukua, akalifunga kiganjani, uzi na fundo lake.

"Kwenye gari," alimuuliza Hénock, "alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anajaribu namna ya kukuambia. Anaanza, anacheka, anaanza upya. Alikuwa anatafuta jinsi ya kusema ule upepo. Ulivyopita pale kwenye pengo. Alisema, Clémentine hataelewa upepo, nitamwambia kwanza jiwe."

Clémentine aliinamisha kichwa juu ya kisanduku, akakaa hivyo. Hakulia kwa sauti. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga kazi.

"Orpha, mpigie mchungaji. Mwambie Jumapili hawafungi kilio. Jumapili wanakianza, na maiti ipo." Kisha akamgeukia Hénock, aliyekuwa bado amesimama, bega likimwelemea. "Shemeji, sitakusamehe leo. Usiningoje leo. Lakini wewe ndiye ndugu aliyeandikwa. Jumapili utambeba."